Mtu wa Kijito Kimoja

Mokami na mimi hatukuwahi kuwa marafiki. Naanza na hilo ili msomaji asije akangoja mwishoni tukumbatiane. Miaka miwili tulifanya kazi moja kwenye kijito kimoja, yeye juu, mimi chini, na sikumbuki hata siku moja tuliyokula pamoja. Lakini mtu akiniuliza nani alinifundisha biashara, nitawaruka wote walionisaidia nimtaje yeye.

Alikuwa Mkurya wa Busawe, wilaya ya Serengeti. Mwanamke mfupi mwenye mabega mapana na sauti iliyofika ng'ambo bila kupandishwa. Alifika machimbo ya Kemosasi mwaka 1992, masika yakiwa yanaishia, akiwa na jembe, sufuria moja na mbuzi wawili. Wakati ule Tarime yote ilikuwa inazungumza dhahabu. Wasukuma walikuja, Wahaya walikuja, Waha walikuja kwa miguu. Kila mtu alikuwa na ndugu aliyemwona mtu aliyeokota. Mokami alikuja peke yake. Alikaa siku nne kwenye turubai la watu, anaangalia tu kazi inavyokwenda. Siku ya tano akauza mbuzi mmoja, akanunua mbao na magunia, akapanda juu ya mahali pangu, akajenga mwalo.

Mwalo ni mahali pa kuoshea mawe ya dhahabu. Mchimbaji analeta mawe yake kwenye viroba, yanapondwa, yanatwangwa kwenye vinu mpaka yawe unga, halafu unga unamwagwa pamoja na maji juu ya ubao mrefu uliolazwa kwa mteremko na kutandikwa magunia. Maji yanaondoka na mchanga, dhahabu kwa uzito wake inanasa kwenye nyuzi za gunia. Desturi ilikuwa moja machimbo yote: dhahabu ni ya mwenye mawe, mchanga unaobaki ni wa mwenye mwalo. Mchanga huo tunauita marudio, kwa sababu unarudiwa kuoshwa, na anayejua kurudia halali njaa. Mimi, Felistas, Mjaluo, sijawahi kuchimba shimo. Nilikula marudio.

Nilikuwa nimetoka Turwa, mjini Tarime, kwenye biashara ya dagaa na mafuta ya taa niliyoanza na ndoo moja. Duka unalijenga palipo na njia. Kwa hiyo nilipofika Kemosasi nilijenga mwalo pale ambapo njia ya kutoka mashimoni inakutana na kijito, mahali tambarare, mtu anatua kiroba bila kutweta. Nilijisifu kwa hilo. Mokami alipopita na mbao zake kichwani aliuangalia umati wa wachimbaji kwangu, akaendelea kupanda mpaka kwenye miamba, mahali ambapo hata mbuzi wake alisita. Nilimcheka na wafanyakazi wangu wakacheka.

Mimi nilichagua njia. Yeye alichagua maji. Kosa la namna hiyo analifanya mchuuzi tu. Mkulima wa Busawe halifanyi.

Mwaka ule wa kwanza mvua zilikuwa nyingi na kosa langu halikuonekana. Kilichoonekana ni matope. Chochote alichoosha Mokami kilishuka kwangu. Asubuhi kijito kilikuwa cheupe, saa tatu kikawa kama uji wa mtama. Maji mazito hayaoshi dhahabu, yanaipakata na kuondoka nayo. Nikalazimika kuchimba bwawa pale juu ya mwalo wangu, maji yakae kwanza, yatulie, matope yazame, ndipo niyatumie. Kila Jumamosi wafanyakazi wangu waliingia bwawani na makoleo, wakayatoa yale matope na kuyatupa juu ya lundo langu la marudio ili yasizagae. Kazi ya nusu siku bila faida. Nilimtuma Evelina, mwanamke wa Ngara aliyekuwa mkono wangu wa kulia, akaseme naye.

"Mama," Evelina alimwambia, "bosi wangu anasema unamchafulia maji."

"Mwambie bosi wako Mjaluo anajua kuogelea," Mokami akajibu. "Aogelee."

Basi tukaanza. Akisikia ninawapa wachimbaji sabuni ya kuogea wakimaliza kuosha, yeye anawapikia uji. Nikiweka uji, yeye anaweka uji wenye maziwa. Aliwajua wachimbaji kwa majina ya mama zao. Mtu akipanda kwake mara ya kwanza anampokea kiroba mwenyewe, anakibeba, na huyo mtu anaona aibu kushuka tena kwangu. Hilo nililiiga, ila mgongo wangu ulidumu wiki moja.

Mama yangu alikuja siku moja kutoka Migori, ng'ambo ya mpaka, kuniona. Alikaa kwenye kigoda chini ya turubai, anasikia tunavyotupiana maneno kutoka juu na chini. Akaniambia kwa Kijaluo, huyo ni nyieki. Maana yake mke mwenzio.

"Mama, mimi nina mume mmoja na yuko Turwa, na huyu mwanamke hamjui."

"Mume ni nini? Ni kitu kimoja mnachokitegemea wawili. Kwetu tunasema nyieka, mke mwenzangu, na tunasema nyiego, wivu, na hayo maneno mawili yamenyonya ziwa moja. Aliyeyatunga alikuwa ameshaishi boma lenye majiko mawili." Akachukua kipande cha muwa, akakimenya kwa meno. "Mimi na mama Okal baba yako alituachia ng'ombe mmoja wa maziwa. Unakumbuka? Asubuhi anakamua yeye, jioni ninakamua mimi. Tulichukiana miaka kumi na minane. Lakini ng'ombe hakukauka, na hakuna mtoto aliyekosa maziwa."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Sijasema ufanye. Nimesema nyieka hafukuzwi. Ukimfukuza, na ng'ombe anakwenda naye."

Nilimsikia kama mtu anavyomsikia mama yake, yaani nikaendelea na kazi.

Mwaka uliofuata vuli haikuja. Tulingoja Oktoba, tukangoja Novemba. Kijito kikapungua mpaka mtoto anakiruka. Jumatatu moja mwanzoni mwa Desemba niliamka nikakuta ubao wangu mkavu. Si kwamba maji ni machache, hayapo. Nikafuata kijito kwenda juu nikauona ukuta. Mokami alikuwa amejaza viroba mchanga na kuvipanga mwamba hadi mwamba, safu tatu, akaziba na udongo wa mfinyanzi. Nyuma ya ukuta palikuwa na ziwa dogo. Mbele ya ukuta palikuwa na mawe makavu na mjusi.

Siku hiyo hiyo Salvatori alinishukia. Salvatori alikuwa kiongozi wa shimo kubwa kuliko yote Kemosasi, mtu wa Karagwe, mrefu, mpole hata anapokutisha. Alisoma seminari miaka minne akaondoka kabla ya kanzu, na wachimbaji wake kumi na wanne walimwita Padri. Walikuwa wamepiga mwamba mzuri wiki iliyopita. Viroba sitini vya mawe yao vilikuwa vimelala kwangu, vinangoja maji.

"Felistas," alisema, "desturi unaijua."

Niliijua. Mawe yakikaa mwaloni siku tatu bila kuoshwa, mwenyewe ana ruhusa kuyahamisha na hakuna wa kumlaumu.

"Alhamisi mchana," akasema. "Vijana wana njaa. Yasipooshwa, tunapanda kwa Mokami."

Salvatori akihama, Kemosasi yote inahama. Wachimbaji ni kama ng'ombe, wanafuata kengele. Mwalo usio na mawe ni mbao tu na magunia yaliyooza. Nilikuwa nimeacha duka kwa ajili ya mwalo ule. Sikuwa na pa kurudi isipokuwa kwenye ndoo ya dagaa.

"Mshindani wako amekuweza," Salvatori akasema, hana ubaya. Akachora mstari mchangani na fimbo. "Unajua Waingereza wanamwita raivali. Wamelichukua kwa Warumi. Kwa Kilatini rivus ni kijito. Rivalis ni mtu mnayechota naye kijito kimoja."

"Huko kwao hawakumwita adui?"

"Kwanza alikuwa jirani tu. Nadhani uadui ulikuja kiangazi."

"Padri, nenda kalale," nikamwambia.

Jumanne nilipanda kwa Mokami. Nilimkuta amekaa juu ya ukuta wake anachagua maharage kwenye ungo, kama mtu aliye barazani kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Samaki wamekosa maji?"

"Wamekosa. Nimekuja tuongee."

"Ongea, masikio hayana mlango."

Nikamwambia kijito ni cha wote. Akaniambia kijito ni cha wote, ndiyo maana yeye anatumia fungu lake kwanza. Nikamwambia afungue hata saa mbili kwa siku. Akaniambia akifungua saa mbili anahitaji saa kumi kujaza tena, na hilo nililijua ni kweli. Nikamwuliza ana haraka gani, mbona hakuna mtu anayemkimbiza.

Akaacha maharage.

"Wewe unadhani ni wewe tu unayehesabu siku," akasema. "Mimi sina mtoto wa kiume. Nina mabinti wawili, wameolewa, na ng'ombe wa mahari yao shemeji zangu waliwachukua wote, hata mkia sikuuona. Nikifa leo, nyumba yangu inafungwa na shamba linagawanywa kabla kaburi halijakauka. Kuna binti, Mogesi, wa nyumba ya jirani. Nataka kumwoa."

Mtu wa mbali anaweza kushangaa. Kwetu Mara hakuna asiyejua. Wakurya wanaiita nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe mwenyewe, anaoa binti, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Nyumba inasimama tena.

"Baba yake anataka ng'ombe kumi na wawili," Mokami akaendelea. "Ninao tisa. Mwezi ukiisha bila wale watatu, anamtoa kwa mzee mmoja mwenye meno manne na zizi lililojaa. Kwa hiyo maji haya ni ng'ombe watatu, Mjaluo. Usiniombe ng'ombe wangu."

"Na mimi mwalo wangu utakufa Alhamisi."

"Pole," akasema, akarudi kwenye maharage. Alimaanisha ile pole, na hakutoa hata kikombe.

Nilishuka kwa mzee Heche. Huyo ndiye aliyeongoza ritongo, baraza la Wakurya linalokata mashauri ya mipaka, ng'ombe na maji. Nilimkuta anachonga mpini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Nimesikia. Ritongo litakaa Ijumaa."

"Mzee, mawe ya Salvatori yanaondoka Alhamisi."

"Basi mawe ndiyo yenye haraka. Maji hayana haraka, yako pale. Ijumaa."

Jumatano Salvatori alikuja tena, safari hii na wenzake wawili. Walikuwa wamekaa kikao chao. Wachimbaji hawakutaka kubeba viroba sitini mpaka kwenye miamba kwa mgongo. Rahisi kubomoa ukuta kuliko kuhamisha mawe. Kesho saa sita watapanda na mitalimbo.

"Wewe unasemaje?" Salvatori akaniuliza. Alinitazama usoni. Alitaka neno langu ili damu ikimwagika, ajulikane aliyelitoa.

"Mimi sijawatuma," nikasema. "Wala sijawazuia."

Naliandika jibu hilo lilivyokuwa. Nilitaka ukuta uvunjike na mikono yangu iwe safi. Nilijua kabisa Mokami hatakimbia. Nilijua ana panga. Nilisema hivyo hivyo.

Alhamisi jua lilitoka tayari limekasirika. Bwawa langu lilikuwa limekauka mpaka chini, matope yamepasukapasuka kama kisigino. Wafanyakazi hawana kazi, wamekaa, wanaangalia juu. Tulikuwa na pipa moja la maji tulilolificha kwa ajili ya kupikia. Evelina hakuweza kukaa bure. Alikuwa mtu ambaye mikono ikitulia anaumwa. Akachota udongo uliokuwa karibu naye, yale matope makavu ya bwawani, kwa sababu ni laini na hayahitaji kutwangwa, akayatia kwenye karai, akamwagia maji kidogo, akaanza kuzungusha.

"Unaharibu maji," nikamwambia.

"Ninapoteza mawazo, bosi."

Akazungusha, akamwaga, akazungusha. Halafu mikono ikatulia. Nilimwangalia kwa sababu ya kule kutulia. Ndani ya karai, ukingoni, palikuwa na mkia wa njano, mwembamba, mrefu kama kucha ya kidole kidogo.

"Chota tena," nikasema. "Upande ule."

Akachota upande ule. Mkia. Nikamwambia achote kwenye marudio yangu yenyewe, yale ya chini kabisa ya lundo, niliyoyaweka kabla ya Mokami kufika. Akaosha. Punje mbili, tatu. Akarudi bwawani. Mkia.

Nilikaa chini. Mwaka mzima wanunuzi walikuwa wanasifu marudio yangu, wanasema mkono wa Felistas una baraka. Na mwaka mzima, kila Jumamosi, nilikuwa naamuru yale matope ya Mokami yatupwe juu ya lundo langu. Ubao wake ulikuwa umelazwa kwenye mteremko mkali wa miamba. Dhahabu nzito ilinasa, ile laini kama poda ilimponyoka na maji, ikashuka, ikakuta bwawa langu, ikatulia. Nilikuwa nimemtukana mwanamke mwaka mzima kwa kunilisha.

Evelina akaniangalia. "Bosi. Wanapanda."

Nikainua macho. Salvatori na watu wake walikuwa njiani, mitalimbo begani, mmoja nyuma ya mwingine, hawasemi. Wachimbaji wasiposema ni vibaya.

Nilipiga hesabu yangu haraka. Wakiuvunja ukuta na Mokami akiondoka, nitapata maji safi, na ndani ya maji safi hamna kitu. Damu ikimwagika, watakuja askari, watafunga kijito chote, mimi na yeye na Padri tutarudi tulikotoka. Na Mokami akiijua siri hii bila mimi, anaweza kunifungia maji mpaka nife, akachukua bwawa langu kwa bei ya udongo. Jambo lilikuwa linataka kusemwa leo, na mimi, mbele ya watu. Nikachukua karai kutoka mikononi mwa Evelina nikaanza kupanda. Nilikimbia. Dhahabu ya kwenye karai ukikimbia nayo inamwagika, kwa hiyo nilikimbia nimeikumbatia kama mtu aliyeiba kuku.

Nilifika wameshapangana. Mokami amekaa juu ya ukuta, panga limelala magotini. Kando yake wanawake sita waliomfanyia kazi, kila mmoja na jiwe la kutwangia mkononi. Mbele, wachimbaji kumi na wanne. Katikati hatua tano za mawe makavu.

"Shuka mama," Salvatori alikuwa anasema. "Hatuna ugomvi na wewe. Tuna ugomvi na viroba."

"Viroba ni vyangu. Gusa kimoja, Padri, nikupe mkono wa kushoto wa kubatizia, wa kulia utabaki hapa."

Mchimbaji mmoja akacheka, mwingine akasonga mbele. Mtalimbo ukagonga jiwe. Mokami akasimama. Wanawake wakainua mawe.

"Mokami!" nikaita. "Matope yako unapeleka wapi?"

Swali lilikuwa la kijinga kiasi kwamba kila mtu aligeuka.

"Kwako," akasema. "Si ndiyo kilio chako cha kila siku?"

"Nina kitu chako. Fungua maji nikuonyeshe."

"Onyesha nifungue."

"Fungua kwanza."

"Mjaluo, huoni niko kwenye vita? Onyesha au ondoka."

Mtu akikupa mgongo bei inashuka. Nikapita katikati ya wachimbaji, nikaliweka karai juu ya kiroba, miguuni pake. Nilikuwa nimepanga kumwonyesha dhahabu na kuficha ilikotoka. Hiyo ndiyo ilikuwa bidhaa yangu. Mokami akainama. Hakuigusa dhahabu. Kwa kidole alifuta udongo uliobaki ukingoni, akausugua kwenye kiganja. Udongo wa mashimo ya upande wake ni mwekundu. Wa upande wangu ni wa kijivu. Bidhaa yangu ilidumu muda wa kufuta kidole.

"Huu ni udongo wangu," akasema taratibu.

"Ndiyo."

"Unatoka bwawani kwako."

"Ndiyo."

"Mwaka mzima."

"Mwaka mzima. Na mimi nimejua leo, saa hii. Evelina ni shahidi."

Sauti yake ilishuka mpaka wachimbaji wakasogea wasikie. "Basi nitachimba bwawa langu."

"Chimba," nikasema.

Akageuka akatazama mahali pake. Mwamba huku, mwamba kule, mteremko katikati; hapakuwa na udongo wa kuzika hata yai. Alipotafuta maji alipata maji, na tambarare akaniachia mimi. Nilimwona akiliona hilo. Salvatori naye akaliona, akashusha mtalimbo wake ncha chini.

"Sema bei," Mokami akasema.

"Asubuhi maji ni yako mpaka saa saba. Saa saba unafungua, yangu mpaka jioni. Matope yanashuka, ninayaosha mimi kwa kazi yangu. Dhahabu ya matope tunagawana nusu kwa nusu."

"Mbili kwangu, moja kwako. Ni jasho langu."

"Jasho lako lilikuwa linakwenda kwenye Ziwa. Nimelizuia mimi."

"Mbili kwangu mpaka ng'ombe wa tatu. Baada ya hapo nusu."

Wanawake wake walikuwa bado wameshika mawe juu, mikono imeanza kutetemeka. Nilijua ningeweza kumbana kidogo tena. Nilijua pia panga bado liko mkononi, na yule mchimbaji aliyesogea hajarudi nyuma.

"Mpaka ng'ombe wa tatu," nikasema. "Na leo unafungua sasa hivi."

"Apeni," Salvatori akasema, useminari umemrudia. "Mbele ya watu."

"Siapi na Mjaluo," Mokami akajibu. Akatupa panga kando, akaingia majini nyuma ya ukuta, akakishika kiroba cha juu kwa mikono miwili na kukivuta. Kilikuwa kizito; hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kikatoka. Maji yakatokeza ulimi, yakasita, yakaanguka juu ya mawe makavu. Akavuta cha pili.

Nilishuka pamoja na maji, tunakwenda sambamba, yananipita kwenye mteremko na mimi nayapita kwenye tambarare. Evelina alikuwa amesimama juu ya bwawa na koleo. Alipoyaona akapiga kelele, halafu akakunja uso, kwa sababu yalikuja mekundu, mazito, yamebeba tope la nyuma ya ukuta.

"Machafu, bosi! Nimwite?"

"Acha yaje," nikasema.

Tuliosha mawe ya Salvatori mpaka jua likaingia, na yalikuwa mazuri kama alivyosema. Ijumaa ritongo lilikaa. Mzee Heche alitusikiliza wote wawili, akauliza kama bado tuna shauri, tukasema hatuna. Wazee wakanong'onezana, wakatutoza mbuzi mmoja kwa kuwakusanya watu wazima bila sababu. Nilinunua nusu ya mbuzi, Mokami akanunua nusu, wazee wakamla. Sisi hatukualikwa.

Kugawana hakukutufanya tupendane. Kila Jumamosi alishuka mwenyewe kuhakikisha ninaosha matope mbele ya macho yake, akakaa kwenye kigoda cha mama yangu, akamwuliza Evelina kama mimi huwa ninacheza na karai asipokuwepo. Mimi niliweka mtu wa kuangalia kivuli cha saa saba. Siku mbili Mokami alichelewa kufungua, na siku mbili fungu lake lilikuwa na unyevu kidogo zaidi kuliko lilivyopaswa, uzito wa maji badala ya dhahabu. Kila mtu alijua, hakuna aliyesema. Mama yangu alipopata habari alicheka mpaka akakohoa.

Mwezi haujaisha, siku mbili kabla ya Krismasi, niliwasikia kabla sijawaona. Ng'ombe kumi na wawili walikuwa wanashuka kuelekea njia ya Busawe, wanapelekwa kwa baba yake Mogesi, na Mokami nyuma yao na fimbo, amevaa khanga mpya ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Palikuwa na kivuko chini ya mwalo wangu, kizuri, cha mchanga. Hakukitumia. Aliwavusha juu ya mwalo wangu, katikati ya bwawa langu, ng'ombe kumi na wawili, kwato arobaini na nane, na wale watatu wa mwisho aliwapitisha polepole ili niwaone.

"Mjaluo!" akapaza sauti kutoka ng'ambo. "Maji yako yamechafuka!"

"Peleka ng'ombe wako, mama," nikamjibu. "Matope niachie mimi. Leo tunaanza nusu kwa nusu."